Umri wa Mchumba: Uongo wa Zamani, Sheria Zake na Simu Zetu



Leo tunazungumzia miaka ya mtu. Tangu vijana wetu waanze kutafutana kwenye simu, kuna swali linalorudi kila wanawake wanapokaa pamoja, iwe kwenye kupaka hina au kupima nguo za harusi: mtu akidanganya umri wake, mkazoeana, mkafika kwenye posa au hata nikaha ikasomwa, sheria inasemaje? Mmoja hujibu haraka kwamba ndoa imebatilika. Mwingine husema uongo wa mapenzi hauna kesi. Yote mawili yamewapoteza watu, na kuona kwa nini inabidi turudi nyuma kidogo, kabla ya simu, kabla hata ya vyeti.

Zamani hapa visiwani umri haukuandikwa, ulikumbukwa. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa shamba kuu la karafuu. Tukio kama hilo lilikuwa kalenda. Fulani kazaliwa kabla ya kimbunga, fulani alikuwa anatambaa kimbunga kilipopiga. Baadaye yakaja mabomu ya Waingereza kwenye jumba la mfalme, tarehe 27 Agosti 1896, vita ambavyo havikumaliza hata saa moja, navyo vikawa alama ya kuhesabia. Kwa wazee wetu alama ni Mapinduzi ya 1964. Mpaka leo ukimuuliza bibi umri wake atakwambia Mapinduzi yalimkuta ana darasa gani au mimba ya nani.

Kwa hesabu hiyo mtu aliweza kukosea miaka miwili mitatu bila ya kuwa mwongo. Kukosea miaka kumi na tano ilikuwa vigumu. Aliyekuja kuposa alikuja na wazee wake, na kabla ya jibu kutoka, upande wa mwanamke ulituma watu wakaulize: kasoma chuo gani, na nani, mamake alimzaa mwaka mmoja na nani. Waliokaa naye ubao mmoja wa Qur'ani walijulikana. Mshenga naye alibeba dhamana, kwa sababu akileta uongo hatumwi tena. Tusiseme wazee hawakudanganya. Walidanganya sana, hasa kuhusu mali na wake waliokwishawaacha. Umri tu ndio ulikuwa na mashahidi wengi mno.

Katika dini asili ya suala hili ni ghushi. Sote tumeifundishwa habari ya Mtume s.a.w. alipopita sokoni akatia mkono ndani ya rundo la nafaka, juu kavu, chini akakuta umaji. Muuzaji akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka iliyolowa juu watu waione, kisha akamtenga mwenye kughushi na umma wake. Sisi tunaouza vitambaa tunaijua habari hii kwa mikono yetu: jora safi kwa nje, ndani limeliwa na panya. Mafakihi waliichukua kanuni hii ya soko wakaitazama pia katika ndoa, lakini kwa uangalifu mkubwa, maana mke si kitambaa cha kurudishwa dukani.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kitabu kilichotegemewa zaidi na makadhi wa Kishafi wa pwani yetu ni Minhaj cha Imam Nawawi, mwanachuoni wa Sham aliyefariki mwaka 1277. Ndani yake umo mlango wa khiyari katika nikaha, yaani lini mmoja wa wanandoa ana haki ya kuivunja ndoa kwa sababu ya kasoro au udanganyifu. Kasoro zenyewe zimetajwa: wazimu, ukoma, mbalanga, na maradhi yanayozuia tendo la ndoa. Uzee haumo. Kwa hiyo mwanamke aliyedhani mumewe ana miaka 35, kumbe ana 50, na hakuna aliyesema neno wakati wa kufunga, hana haki hiyo kwa sababu ya umri tu. Dhana peke yake haimpi mtu khiyari.

Ila mlango huo huo unatenga kati ya kudhani na kushurutisha. Sifa ikitajwa kuwa ni sharti ndani ya nikaha, kisha ikadhihiri kuwa mhusika hayuko hivyo bali yuko chini ya hapo, kwa kauli yenye nguvu ndoa yenyewe inasihi, lakini aliyedanganywa anapewa hiari ya kubaki au kuivunja. Kwa hiyo aliyesema kuwa ndoa imebatilika kakosea, na aliyesema kuwa hakuna kesi kakosea vilevile. Lililopo ni hiari, nayo inategemea kilichotamkwa mbele ya walii na mashahidi. Mliyonong'onezana kwenye simu saa sita za usiku hayahesabiwi. Tena kwa Mashafi hiari hii ni ya papo hapo. Ukijua, sema. Ukinyamaza ukaendelea kuishi naye miezi, ukimya wako unahesabiwa kuwa umeridhia.

Na mahari? Ndoa ikivunjwa kabla ya wenyewe kukutana, mahari huanguka. Wakishakutana, mwanamke hatoki mikono mitupu. Hupewa mahari ya wanawake wa mfano wake. Hukumu ya jambo lako mahsusi bila shaka ni ya kadhi aliyekusikiliza, lakini ni vizuri kuingia kwake ukijua unauliza nini.

Zanzibar ilikuwa na makadhi wa Kishafi na wa Kiibadhi tangu zama za masultani wa Busaidi. Mwaka 1890 Waingereza wakatutia chini ya himaya yao, wakaja na sheria zao za jinai na mahakama zao, wakawaachia makadhi mambo ya ndoa, talaka na mirathi. Mgawanyo huo kwa kiasi kikubwa tunao mpaka leo. Ndiyo maana uongo mmoja wa umri unaweza kuwa na majibu mawili: moja kwa kadhi, jingine kituo cha polisi.

Sasa tutazame hao Waingereza wenyewe, kwa sababu wao ndio walioanza kutafuta wachumba kwa maandishi. Mwezi Julai 1695 huko London, mchapishaji mmoja aitwaye John Houghton, ambaye gazeti lake lilihusu kilimo na biashara, alichapisha tangazo la bwana mmoja aliyejitaja kuwa na umri wa kama miaka 30 na mali nzuri, akitafuta mwanamke kijana mwenye utajiri wa kama pauni 3,000. Kama miaka 30! Tangu tangazo la mwanzo kabisa, dada zetu, miaka tayari ilikuwa inakadiriwa. Tangazo halina shangazi wa kuulizwa.

Na sheria yao kwa mtu mzima aliyedanganywa na mtu mzima mwenzake ilikuwa ngumu kuliko ya makadhi wetu. Mwaka 1897, katika kesi ya Moss na Moss, mume aliomba ndoa ifutwe kwa sababu mkewe alimficha kuwa wakati wa harusi alikuwa na mimba ya mwanamume mwingine. Mahakama ikakataa. Msingi ulikuwa kwamba udanganyifu hauifuti ndoa maadamu kila mmoja aliridhia kuoana na mtu yule aliyesimama mbele yake. Kama mimba ya mtu mwingine haikutosha, miaka kumi ya kujipunguzia ingetosha wapi? Fikihi ilimpa mwanamke nafasi ya kuweka sharti. Sheria ya Kiingereza ya wakati ule ilimwambia aangalie mwenyewe kabla ya kuingia.

Mambo yalikuwa mengine kabisa pale mmoja wao alipokuwa mtoto. Kesi inayosomwa mpaka leo na wanafunzi wa sheria ni ya mwaka 1875. Henry Prince alimchukua binti wa kama miaka 14 akaondoka naye bila ya ridhaa ya babake. Sheria ya 1861 ilikataza kumtoa msichana asiyeolewa, aliye chini ya miaka 16, katika ulinzi wa mzazi. Baraza la wazee wa mahakama lilikubali mambo mawili: binti alionekana mkubwa kuliko miaka 16, na yeye mwenyewe alimwambia Prince kuwa ana miaka 18. Alidanganya, naye aliamini kwa nia safi. Majaji walikaa wengi kuliamua, na wote isipokuwa mmoja walisema kosa limethibiti. Hoja yao kwa ufupi: ukimchukua mtoto wa watu kwa babake bila idhini, umejitia hatarini mwenyewe, na kudanganywa kwako hakukuokoi.

Wanawake wa leo wanaweza kuikasirikia kesi hiyo, kwa sababu inamzungumza binti kama mali ya baba. Tunawaelewa. Lakini ndani yake kuna jambo ambalo bado limesimama: katika uongo wa mtoto, mzigo ulikuwa juu ya mtu mzima. Miaka kumi baadaye, 1885, mwandishi wa gazeti W. T. Stead alifichua biashara ya wasichana wadogo mjini London, nchi ikachafuka, na Bunge likapandisha umri wa ridhaa kutoka miaka 13 hadi 16. Katika kupandisha huko likaweka pia mlango mdogo wa kutokea: mshitakiwa aliyekuwa na sababu ya maana ya kuamini kuwa binti amefika 16 aliweza kujitetea.

Mlango huo ulifika mpaka kwa jirani zetu. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya Kenya ya mwaka 2006 inatoa vifungo vizito: mtoto wa miaka 12 hadi 15, kifungo kisichopungua miaka 20, wa 16 na 17, kisichopungua 15. Hata hivyo kifungu cha 8 kinampa mshitakiwa utetezi ikiwa mtoto alimdanganya kuwa amepita miaka 18 na yeye akaamini kwa sababu za maana, na mahakama itaangalia alichukua hatua gani kuujua umri wa kweli. Maneno hayo ya mwisho ndiyo uzito wote. Haitoshi kusema "aliniambia". Uliuliza wapi? Uliona cheti? Uliwajua wazazi?

Ikaja kesi ya mwambao, Mahakama Kuu ya Malindi, mwaka 2016. Mwanamume aliyekuwa amehukumiwa miaka 20 kwa binti wa miaka 13 aliachiwa, mahakama ikiona kwamba binti alijiendesha kama mtu mzima. Watetezi wa haki za wanawake duniani waliitaja hukumu hiyo miongoni mwa mbaya kabisa. Sisi tunasema wazi kuwa tuko pamoja nao. Mtoto wa miaka 13 anayejiendesha kama mkubwa ni mtoto wa miaka 13 anayehitaji mkubwa, na kila mwanamke aliyelea binti anajua jinsi kanga na wanja vinavyoweza kumzidishia miaka mitano kwa nusu saa.

Kwetu Tanzania mambo hayako pamoja, na hapa watu huchanganyikiwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ni ya Tanzania Bara, haigusi Zanzibar. Ndani yake mwanamume ni miaka 18 na mwanamke 15, na kwa idhini ya mahakama hata 14. Rebeca Gyumi alikipinga kipengele hicho. Mahakama Kuu ikakubaliana naye Julai 2016, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono Oktoba 2019. Kanuni za adhabu za huko huko Bara zinamfunga kwa kosa la kubaka anayemwingilia binti wa chini ya miaka 18, hata kama binti karidhia, isipokuwa kwa ndoa za tangu miaka 15, na kifungo ni kisichopungua miaka 30. Kuanzia 2016 kumuoa au kumpa mimba mwanafunzi kunabeba miaka 30 pia.

Zanzibar tuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2011, inayosema mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18, tuna sheria yetu ya adhabu, na tuna Sheria ya Mahakama ya Kadhi ya mwaka 2017 kwa mambo ya ndoa. Ile ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ni ya Muungano, inafanya kazi huku na kule. Kupunguza miaka mitano katika wasifu wako peke yake si kujifanya mtu mwingine. Lakini anayetumia jina na picha ya mtu mwingine, au anayejifanya kijana ili achote fedha za mwanamke kwa ahadi ya ndoa, huyo ameshaingia kwenye jinai, na hilo ni la polisi, si la kadhi wala la kumalizwa na wazee sebuleni.

Huduma za kutafutana kwenye intaneti zilianza kushika mwaka 1995, Match.com ilipofunguliwa Marekani. Waislamu nao wakapata zao. Muzz, ambayo zamani ikiitwa Muzmatch, wengi wenu mnaijua. Kilichobadilika ni wale mashahidi tuliowataja mwanzo. Chuo, ubao, shangazi, mshenga, wote wametoka, na mahali pao pamekaa kisanduku kidogo ambacho mtu anajaza mwenyewe tarehe yake ya kuzaliwa.

Kuna Mholanzi mmoja, Emile Ratelband, aliyeamua kutojidanganyia kwenye simu tu. Mwaka 2018, akiwa na miaka 69, alikwenda mahakamani Arnhem akaomba tarehe yake ya kuzaliwa isogezwe mbele miaka 20, akieleza kwamba akiandika umri wake kwenye Tinder hajibiwi. Dunia ilicheka. Mahakama haikucheka sana. Ilikataa ikieleza kwamba umri umefungamana na haki na wajibu, kama vile kupiga kura, kuoa na kwenda shule, na mtu akiruhusiwa kuchagua tarehe yake hayo yote yatakosa maana. Tulipoisoma habari hiyo tulicheka pia, kisha tukawakumbuka akina dada wa arobaini na tatu wanaoandika thelathini na sita. Wasitukasirikie.

Kesi za watoto hazichekeshi. Kijana wa miaka 19 wa jimbo la Indiana, Marekani, alikutana kupitia programu ya simu na msichana aliyejitaja kuwa na miaka 17. Alikuwa na 14. Msichana na mamake wote waliikiri mahakamani habari ya uongo ule, wakamwombea. Hata hivyo alifungwa siku 90 na kuandikwa kwenye daftari la wakosaji wa kujamiiana kwa miaka 25, hadi kelele zilipopigwa, kesi ikarudiwa na jina lake likatolewa humo. Wenye watoto wa kiume, nendeni mkawasomee aya hii. Mara nyingi tunawahofia mabinti peke yao.

Na upande wa pili ni Australia. Carly Ryan alikuwa na miaka 15. Kwenye intaneti alimpenda kijana mwanamuziki aliyejitaja kuwa na miaka ishirini hivi, na kumbe aliyekuwa akiandika ni mwanamume wa karibu miaka 50. Mwanamume huyo alifika hata nyumbani kwao, akijifanya baba wa yule kijana. Mwaka 2007 alimuua. Alihukumiwa kifungo cha maisha, lakini mama yake Carly aligundua kuwa kabla ya siku ya mauaji, yule mtu alipokuwa anadanganya tu na kupanga, hapakuwa na kosa la wazi la kumkamatia. Alipigania jambo hilo miaka mingi. Mwaka 2017 Australia ilipitisha sheria inayoitwa kwa jina la mwanawe. Sasa mtu mzima anayetumia mtandao kujiandaa kumdhuru au kumnasa mtoto wa chini ya miaka 16, ikiwa ni pamoja na kumdanganya umri wake, anaweza kufungwa miaka 10 hata kama hajamgusa.

Kwa mwali anayeposwa sasa hivi na mtu aliyemjulia kwenye simu, mambo ya kufanya ni machache. Walii wako aombe cheti cha kuzaliwa au kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, au pasi kama mtu anatoka ng'ambo, akitazame kwa macho yake kabla ya siku ya kupokea posa; kisiwe kimetumwa kwa picha iliyokatwa pembe. Kwa aliye hapa visiwani, sheha wa shehia yake aulizwe, anawajua watu wake. Wewe nawe toa chako, maana haki hiyo ni ya pande zote mbili. Kama umri kwako ni jambo la kubaki au kuondoka, mwambie walii alitamke kuwa sharti wakati wa kufunga, mashahidi wasikie, na liandikwe pamoja na mahari. Usione haya. Watu wanaandika seti ya dhahabu na kitanda, wataona ajabu gani kuandika mwaka?

Na ikiwa nikaha imeshasomwa ndipo ukajua, usifute mazungumzo yenu ya simu kwa hasira. Yahifadhi, waite mashahidi waliokuwepo, na uende kwa kadhi wiki hiyo hiyo.